Kokoto Ndani ya Faili

Korosho za Nachingwea na Ruangwa zikishapita kwenye mizani ya AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, huanza safari mbili. Moja kila mtu anaiona: gunia linapandishwa kwenye gari, linashushwa ghala kuu, linasubiri mnada. Nyingine haionekani. Kilo, daraja, jina la mkulima na namba ya akaunti yake ya benki vinaingizwa kwenye kompyuta, na kutoka hapo vinasafiri hadi kwenye seva zilizo mbali. Tangu msimu wa 2024/2025 minada ya korosho inaendeshwa kwa mfumo wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX. Mnunuzi anayezitaka korosho za RUNALI, chama kikuu cha ushirika cha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, hatumbukizi tena zabuni yake kwenye sanduku. Bei anaiweka kwenye skrini.

Gunia likipotea, mtunza ghala atajua siku hiyohiyo. Tarakimu ikiharibika ndani ya seva, mkulima huenda asijue hadi malipo yaje pungufu, na hata hapo hatajua aanze kumuuliza nani. Wala si korosho peke yake. Mgonjwa anayeandikishwa kwenye kituo cha afya kinachotumia GoTHOMIS (mfumo wa kompyuta wa kuendeshea vituo vya afya), mwanafunzi anayesubiri matokeo, mama ntilie anayelipwa kwa simu: wote taarifa zao mwisho wake ni diski fulani mahali fulani, na diski ni kitu kinachokufa. Ndiyo maana data muhimu huandikwa mara mbili, tatu au zaidi, katika mashine tofauti.

Watu wa kusini walionyeshwa faida ya mpango huo Mei 2024. Tarehe 4 kimbunga Hidaya kilitua Mafia, na mafuriko yakaikata barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam maeneo ya Somanga, wilayani Kilwa. Magari yakakwama kwa siku kadhaa. Watu hawajamaliza kusimulia hayo, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika na intaneti ikazorota karibu nchi nzima. Ndani ya siku tisa, njia ya nchi kavu na njia ya mtandao zote zilipata pigo. Aliyekuwa na taarifa zake zote mahali pamoja, ng'ambo ya mto au ng'ambo ya bahari, alibaki anaitazama skrini.

Hifadhi ya mtawanyo ni kinga dhidi ya siku kama hizo. Badala ya faili yote kukaa kwenye mashine moja, mfumo unaikata vipande, na kila kipande unakiandika kwenye mashine kadhaa, ikibidi katika majengo au miji tofauti. Hadoop, programu iliyotumika sana duniani kwa kazi hii, kwa kawaida hukata vipande vya megabaiti 128 na kuweka kila kimoja mahali patatu. Ceph, inayopendwa na vyuo na watoa huduma za mtandao kwa sababu haina ada ya leseni, nayo huanzia nakala tatu. Diski moja ikifa, mbili zinabaki, na mfumo wenyewe unatengeneza ya tatu kwingine bila fundi kuamshwa usiku.

Wengi huishia hapo, wakiamini kwamba nakala tatu ni usalama mara tatu. Kwa diski iliyokufa ni kweli. Kwa diski inayosema uongo, au programu inayokosea mahali pa kuandika, si kweli hata kidogo. Mfumo hunakili uozo kwa uaminifu uleule unaonakili kitu kizima.

Mwaka 2017 wanunuzi wa Vietnam walilalamika kwamba wamefungua makontena ya korosho kutoka Tanzania wakakuta mawe ndani. Kwenye karatasi uzito ulitimia. Kutimiza uzito ndiyo kazi iliyoyapeleka mawe humo. Faili iliyoharibika kimyakimya iko hivyohivyo. Jina lake ni lilelile, tarehe ni ileile, ukubwa wake haujapungua hata baiti moja, na kompyuta ikiulizwa inajibu kwamba faili ipo. Mtu akiifungua ndipo anapokutana na kokoto: picha nusu yake ya kijivu, jedwali lenye safu tupu, waraka unaogoma kabisa kufunguka.

Jambo hili si la nadra kama watengenezaji wa diski wangependa tuamini. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulifuatilia diski milioni 1.53 kwa miezi 41, na ukakuta zaidi ya matukio 400,000 ambapo kilichosomwa hakikulingana na alama ya ukaguzi iliyowekwa pamoja nacho. Diski zenyewe hazikulalamika.

Kisa kinachofafanua chanzo chake vizuri ni cha Algolia, kampuni iliyoanzishwa na Wafaransa, inayouza huduma ya utafutaji kwa tovuti za watu wengine. Data za mteja ziliwekwa katika seva tatu. Mwaka 2015 baadhi ya programu zao zikaanza kuanguka ovyo. Mafundi walipochungulia ndani ya faili zilizohusika, walikuta vipande vya baiti 512 vimejaa sifuri tupu, katikati ya data ambayo mbele na nyuma yake ilikuwa nzima.

Kipimo hicho kilikuwa ushahidi. Baiti 512 ni ukubwa wa jadi wa sekta moja ya diski. Programu ya kawaida haijui sekta; inaandika mistari, rekodi, kurasa. Anayehesabu kwa sekta ni yule anayezungumza na diski moja kwa moja, yaani mfumo endeshi wenyewe au kitu kilicho chini yake. Mafundi wakaacha kuipekua programu yao na kushuka ngazi moja.

Huko chini wakaikuta amri iitwayo TRIM. Diski za kisasa zisizo na sahani inayozunguka, SSD, huhitaji kuambiwa ni maeneo gani hayatumiki tena ili ziyasafishe mapema. Kerneli, kiini cha mfumo endeshi, ndiyo inayotoa taarifa hiyo. Algolia walipoizima TRIM, uharibifu ukakoma. Kwa kuwa seva zilizoathirika zilikuwa na diski za Samsung, Juni 2015 wakachapisha habari hiyo, na dunia ya mafundi ikaelekeza kidole Korea Kusini. Samsung nao hawakukaa kimya. Wakalichimba tatizo pamoja na Algolia, na Julai wakarudi na jibu lililowashangaza wengi. Diski zilikuwa zinatii amri. Amri ndiyo ilikuwa mbovu. Kerneli ya Linux, ilipolazimika kuligawa ombi moja kubwa la kusafisha kati ya diski kadhaa zilizounganishwa kwa mtindo wa RAID 0, iliivuruga amri yenyewe, ikaagiza yasafishwe maeneo yenye data hai. Rekebisho likatumwa, na aliyeisasisha kerneli yake akaachana na tatizo. Asiyesasisha akabaki nalo, akiwa na diski nzuri na nakala tatu.

Hii ndiyo sehemu ya kompyuta ambayo mtumiaji haioni na mhasibu haielewi anapoombwa fedha zake. Juu kuna programu za kazi: jedwali, kivinjari, mfumo wa malipo. Chini yake iko kerneli, kuna viendeshi vya vifaa, kuna mfumo wa faili unaopanga nini kikae wapi, na mwisho kabisa kuna fimweya, programu ndogo iliyofungiwa ndani ya diski yenyewe tangu kiwandani. Kila tabaka linaliamini lililo chini yake. Tabaka la chini likikosea, la juu halina namna ya kujua, isipokuwa limepewa kazi ya kukagua.

Fimweya ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Novemba 2019 kampuni ya HPE ilitoa tangazo ambalo kila mwenye seva alipaswa kulibandika ukutani. Baadhi ya SSD zake, zikifikisha saa 32,768 tangu ziwashwe, zingekufa, na data zake zisingeweza kuokolewa. Namba yenyewe inaelekeza kwenye kaunta ya saa ndani ya fimweya: inaelekea ilihifadhiwa kwa biti 16, na namba kubwa kuliko zote inayoingia humo, ikiwa nafasi moja imetengwa kwa alama ya hasi, ni 32,767. Saa iliyofuata, kaunta ilipasuka na diski ikaondoka nayo. Dawa ilikuwa toleo jipya la fimweya, HPD8. Machi 2020 likaja tangazo jingine, la diski nyingine, safari hii kikomo kikiwa saa 40,000.

Saa 32,768 ni miaka mitatu, siku 270 na saa nane. Tuseme ofisi ilinunua diski tatu za aina hiyo kwa hundi moja, ikazifunga kwenye seva tatu na kuziwasha pamoja tarehe 1 Oktoba 2016, msimu wa korosho unapofunguka. Kama hakuna aliyegusa fimweya, zote tatu zingezima tarehe 27 Juni 2020, saa ileile. HPE wenyewe walionya kwamba diski zilizoanza kazi pamoja zina uwezekano mkubwa wa kufa karibu kwa wakati mmoja. Nakala tatu zilizojengwa juu ya kosa moja ni nakala moja.

Nachingwea ina historia yake na mitambo mikuukuu. Mwaka 1947, serikali ya Uingereza ilipoanzisha Mpango wa Karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, matrekta mapya hayakupatikana. Yakakusanywa yaliyobaki vitani, mengine yakiletwa kutoka Ufilipino yakiwa yameshachoka, na vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta yaliyobatizwa Shervick. Mpango ulifutwa mwaka 1951 baada ya kumeza pauni milioni 36 hivi, na reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea ikafungwa mwaka 1962. Trekta bovu angalau linatoa moshi. Kompyuta ya mtumba inawaka vizuri, inachapa barua, inafungua WhatsApp, na uchakavu wake umejificha kwenye programu.

Mazingira yenyewe yanasaidia uchakavu huo. Kusasisha mfumo kunakula bando, kunachukua saa nzima, na kompyuta ikizimika umeme katikati ya zoezi inaweza isiwake tena. Basi mwenye steshenari anazima usasishaji wa moja kwa moja, na ukimuuliza anakwambia mashine ilikuwa inamsumbua. Anayelipia bando kwa gigabaiti hawezi kulaumiwa kwa hesabu hiyo. Lakini tarehe hazimsubiri. Windows 7 ilikoma kupokea marekebisho ya kawaida tarehe 14 Januari 2020. Windows 10 ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, siku ambayo ofisi za Tanzania zilifungwa kwa Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere. Waliojiandikisha kuongezewa muda tu ndio waliendelea kupata viraka vya usalama.

Kilichowapata wenye My Book Live, kisanduku cha kuhifadhia faili nyumbani na ofisini kilichotengenezwa na Western Digital, kinaonyesha mwisho wa njia hiyo. Kifaa kilikuwa hakijasasishwa na mtengenezaji tangu mwaka 2015, lakini kilikuwa kinafanya kazi, kwa hiyo watu wakakiacha kwenye mtandao. Juni 2021 wakaamka na kukuta visanduku vyao vitupu. Wavamizi walikuwa wamepitia matundu ya programu hiyo ya zamani na kuviamuru virudi katika hali ya kiwandani. Kampuni ikawashauri wateja wote wakichomoe kwenye intaneti, ushauri ambao kwa wengi ulifika jioni.

Tuseme sasa faili zimeanza kuharibika, na afisa TEHAMA wa halmashauri au fundi wa chama cha ushirika ameitwa. Kishawishi cha kwanza ni kubonyeza kitufe cha kurekebisha. Fundi mzoefu hufanya kinyume: anazuia mfumo usiandike chochote. Kila dakika inayopita data mpya inaweza kukalia mabaki ya ile ya zamani, na zoezi la kurekebisha likianza bila kujulikana nakala ipi ni nzima, linaweza kumaliza hata kilichokuwa kimesalimika.

Ceph ya zamani ilikuwa na mtego huo hasa. Nakala zikitofautiana na fundi akatoa amri ya kurekebisha, mfumo uliichukua nakala kuu kuwa ndiyo sahihi na kuziandikia upya nyingine. Kama iliyooza ni hiyo kuu, nakala mbili nzima zilifunikwa kwa uozo, tena kwa amri halali ya mwenye seva. Toleo la Luminous, lililotoka Agosti 2017, lilileta namna mpya ya kuhifadhi, BlueStore, ambayo huandika alama ya ukaguzi pamoja na kila data, ili mfumo utambue wenyewe nani anasema kweli. Mwenye Ceph iliyojengwa kabla ya hapo na isiyohamishwa hana budi kuzilinganisha nakala kwanza, ndipo aguse amri hiyo.

Alama ya ukaguzi ni nini? Chukua wakulima watatu waliopima kilo 412, 95 na 230. Jumla ni 737. Karani akiiandika jumla hiyo pembeni, yeyote anayepokea orodha anaweza kujumlisha upya na kuona kama kuna tarakimu iliyogeuka. Sasa tuseme uharibifu umeifanya orodha isomeke 421, 86 na 230. Jumla bado ni 737, na mkulima wa pili ameibiwa kilo tisa bila mwizi. Ndiyo maana kompyuta haitumii kujumlisha tu. Hadoop hukokotoa alama kwa kila baiti 512, kwa hesabu inayozingatia mpangilio wa biti, siyo jumla yake peke yake. Kwa faili nzima kuna SHA-256, inayotoa alama 64 za herufi na tarakimu. Geuza kilo moja ndani ya orodha ya kurasa mia, na karibu alama zote 64 zinabadilika. Haihitaji kununuliwa. Kwenye Linux amri yake ni sha256sum, na Windows huja na certutil inayofanya kazi hiyohiyo.

Amazon walijifunza kwa gharama mahali ambapo alama hiyo haikuwepo. Tarehe 20 Julai 2008 huduma yao ya kuhifadhi data, S3, ilisimama kwa takriban saa nane. Data za wateja zilikuwa zinakaguliwa. Ujumbe ambao seva zenyewe hupeana kuhusu hali zao haukuwa unakaguliwa hivyo, na biti moja moja zilipogeuka katika jumbe chache, habari hiyo potofu lakini inayosomeka ikasambaa seva hadi seva kama kawaida. Wahandisi walilazimika kuzima mawasiliano ya ndani, kuifuta hali yote na kuanza upya.

Alama ina mpaka wake pia. Ikikokotolewa baada ya data kuharibika, itaulinda uozo kwa bidii. Inatakiwa ikokotolewe mapema iwezekanavyo, kwenye kompyuta ya chama cha msingi yenyewe kabla orodha haijatumwa, na hiyo kwa kawaida ndiyo mashine yenye mfumo endeshi mkongwe kuliko zote katika mnyororo.

Baada ya kulinganisha nakala, fundi anasoma umbo la jeraha. Faili ya Excel ya kisasa, ikifunguliwa kwa kihariri cha kawaida cha maandishi, lazima ianze na herufi PK, kwa sababu ndani yake ni faili iliyobanwa kwa mtindo wa zip. PDF huanza na alama ya asilimia na herufi PDF. Herufi hizo zikiwepo na faili bado haifunguki, tatizo liko katikati au mwishoni. Zisipokuwepo na badala yake kuna sifuri mwanzo hadi mwisho, huenda mfumo ulitenga nafasi lakini umeme ukakatika kabla data haijafika kwenye diski. Kipande kilichoharibika kikiwa na ukubwa kamili wa baiti 512, 4,096 au 65,536, mshukiwa yuko chini: kerneli, kidhibiti cha diski au fimweya. Kikiwa na ukubwa wa ajabuajabu, apande juu akaiulize programu ya kazi. Biti moja tu iliyogeuka humpeleka kupima kumbukumbu ya RAM, na hapo anaweza kugundua kwamba programu zote hazina hatia.

Kinachofuata ni karatasi na kalamu. Kwa kila seva anaandika toleo la kerneli, toleo la programu ya hifadhi na toleo la fimweya ya kila diski. Kazi hii inachosha na ndiyo inayozaa matunda, kwa kuwa mara nyingi kundi la seva zilizodhaniwa kuwa sawa huwa na moja iliyoachwa nyuma. Halafu anatafuta tarehe: nakala rudufu ya mwisho iliyo nzima ni ya lini, na baina ya siku hiyo na ya kwanza mbovu kulitokea nini? Diski ilibadilishwa? Umeme ulikatika? Mtu alisasisha seva mbili akaenda chakula cha mchana, akaisahau ya tatu? Akishapata jibu anakwenda kusoma matangazo ya mtengenezaji, ambayo mara nyingi yamekuwa hapo miezi mingi yakisubiri msomaji.

Maabara ya CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, ilionyesha namna ya kutosubiri jeraha. Katika ripoti ya mwaka 2007 walieleza programu ndogo waliyoitawanya kwenye mashine zaidi ya 3,000: inaandika faili ya gigabaiti mbili yenye mpangilio wa biti unaojulikana, kisha inaisoma na kulinganisha. Baada ya wiki tano hivi walikuwa na makosa 500 katika mashine 100. Mengi yalikuwa vipande vya kilobaiti 64, na chanzo chake kikubwa kilikuwa kutoelewana kati ya kidhibiti cha diski na fimweya ya diski zenyewe. Dawa ikawa kusasisha fimweya. Mashine hizo zote zilikuwa zikifanya kazi za kila siku bila mtu kujua.

Kwa hiyo kusasisha ni lazima, ila kwa mpangilio. Haraka nayo imeshaumiza watu. Oktoba 2023 mfumo wa faili wa OpenZFS, ambao sifa yake kuu ni kulinda data, ulitoa toleo la 2.2.0. Mwezi uliofuata watumiaji wakaanza kukuta sifuri ndani ya faili zilizonakiliwa. Lawama ikaangukia kipengele kipya cha toleo hilo, kikazimwa, na sifuri zikaendelea. Kumbe kosa lilikuwa la miaka mingi, limelala ndani ya matoleo ya zamani, na programu mpya za kunakili, zinazoruka sehemu tupu za faili ili kuokoa muda, ndizo zilizoliamsha. Rekebisho likatoka tarehe 30 Novemba 2023 kwa tawi jipya na la zamani pamoja. Aliyekimbilia toleo jipya aliumia, na aliyekwama kwenye la zamani hakuwa salama.

Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, kilipata pigo zito zaidi kwa kosa dogo zaidi. Desemba 2021 HPE, waliokuwa wakihudumia kompyuta kuu ya chuo, waliboresha hati ya amri inayosafisha kumbukumbu za zamani, wakaibadilisha huku ile ya awali bado inaendelea kukimbia. Mashine ikasoma nusu ya amri za zamani na nusu ya mpya, ikaanza kufuta faili za watafiti. Zilipotea faili milioni 34 hivi, terabaiti 77, za vikundi 14; vikundi vinne havikuweza kurudishiwa chochote.

Mpangilio unaofaa hauna siri. Kwanza nakala rudufu inayokaa nje ya mfumo, kwenye diski iliyochomolewa kabisa, kwa sababu nakala zilizomo ndani ya mfumo hupokea kosa pamoja na mfumo. Kisha seva moja inasasishwa, inaachwa ifanye kazi, inakaguliwa, ndipo ya pili. Ceph wana utaratibu wao usioruka hatua: wasimamizi wa kundi huanza, diski hufuata, huduma za faili mwisho. Ceph pia ina ukaguzi wa kina unaosoma kila kipande na kukilinganisha na wenzake, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Ukaguzi huo huifanya seva kuwa nzito, na mafundi wengine huuzima ili kasi irudi, uamuzi ambao ni wa kijinga kuliko yote yaliyotajwa humu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze zikiwa sahihi, na usahihi hauwezi kudaiwa na mtu asiyekagua.

Kinachobaki ni kalenda, na kwa Nachingwea na Ruangwa kalenda imebana. Minada ya korosho huanza Oktoba na kuendelea hadi karibu na mwisho wa mwaka, mingine ikivuka hadi Januari. Ufuta huingia sokoni Juni, mbaazi zinafuata kabla korosho hazijarudi. Nafasi iliyopo ni Februari hadi Mei, na hiyo ni miezi ya mvua, radi na umeme wa kubahatisha, kwa hiyo kazi ifanywe asubuhi, betri ya akiba ikiwa imejaa, seva moja kwa siku, na orodha ya matoleo ikiwa imeandikwa kabla ya kugusa chochote. Usasishaji wenyewe unaweza kupakuliwa mara moja, ukawekwa kwenye diski ya nje na kuzungushwa kompyuta hadi kompyuta, ili chama kisilipie gigabaiti zilezile mara kumi. Ifikapo mnada wa kwanza wa ufuta, hakuna meneja atakayekubali seva izimwe hata kwa saa moja.